Robo Saa ya Kumtafuta Baba

Mwishoni mwa miaka ya tisini kiwanda kimoja cha Nyakato kilipunguza wafanyakazi, na mama yangu mdogo akawa miongoni mwao. Hakulia. Alichukua kiinua mgongo chake akajenga nyumba ya wageni Igoma, kando ya barabara ya Musoma, akaipa jina la marehemu baba yake, yaani babu yangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikikaa kwake chumba cha nyuma, na nilimwambia wazi kwamba jina la mkulima wa pamba wa Magu halitamvuta mtu kuja kulala. Alinijibu kwamba nimesoma mpaka nimesahau adabu.

Aliwategemea wazungu wanaopita kwenda mbugani. Mwanawe, aliyekuwa masomoni Ulaya, alimtengenezea ukurasa kwenye intaneti, wenye picha ya nyumba na, juu kabisa, jina la babu kwa herufi kubwa. Mjomba, kaka yake mkubwa, hakuwa na subira. Kiwanja kilikuwa chake, naye alitaka ghala. Basi walipatana hivi: msimu wa pamba ukifunguliwa na vyumba bado ni vitupu, vitanda vinatoka, magunia yanaingia.

Mjini kulikuwa na fundi aliyekuwa tayari kumwangalizia kama ukurasa huo unaonekana watu wanapotafuta kwenye intaneti, lakini alitaka malipo ya kila mwezi. Mama mdogo alisema hawezi kulipia siku ambazo hakuna kilichoangaliwa. Akapata chumba cha kompyuta karibu na soko la mjini, ambako unanunua robo saa, ukimaliza unakwenda zako. Kila Jumamosi alivaa kitenge chake cha kanisani, nami nikamsindikiza.

Dada wa pale alikuwa mpole kuliko mimi. Alimwuliza atafute nini, na mama mdogo akataja jina la babu, polepole, kama linavyotajwa kwenye misa ya marehemu. Dada akaliandika kwenye mtambo wa kutafutia, tukasubiri sana, halafu nyumba yetu ikatokea ya kwanza. Jumamosi iliyofuata, ya kwanza. Na iliyofuata, ya kwanza tena. Mama mdogo alitoka pale akitembea kama bibi harusi, akanunua sato, tukala vizuri. Wageni hawakuja.

Hatukuliona kosa, na hata leo sijui tungelionaje. Kwetu nyumba haiulizwi kwa namba. Ukishuka Igoma unauliza kwa fulani ni wapi, na yeyote atakuonyesha. Nani angetafuta nyumba bila kujua ni ya nani?

Jibu lilikuja Jumamosi moja na wazungu wawili, mume na mke, waliokaa kwenye kompyuta ya jirani wakitafuta pa kulala kabla ya kwenda mbugani. Mama mdogo alinikanyaga mguu kwa furaha. Alimwomba dada achungulie wameandika nini. Dada hakuchungulia. Aliwauliza kwa Kiingereza, nao wakamwambia bila shida: malazi, ziwa, njia ya mbugani. Akayaandika maneno yaleyale kwenye kompyuta yetu. Babu hakutokea. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, akaendelea mpaka robo saa yetu ikaisha, akatuongezea dakika bila kutuambia. Wakati huo wale wazungu walikuwa wameshapata hoteli ya mjini na kuondoka.

"Kumbe baba yangu hawamjui," mama mdogo akasema.

"Hawamjui, mama," dada alijibu taratibu. "Wanakijua kile wanachokitaka tu."

Maneno ya si nilikwambia yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nilipomwona ameshika pindo la kitenge chake, niliyameza. Nilimwonea huruma.

Jumatatu alirudi mjini peke yake, akamtumia mwanawe barua pepe: malazi yatangulie, ziwa na njia ya mbugani vifuate, jina la babu lishuke chini kabisa. Alinieleza huku akipepeta mchele, bila kuniangalia. Alisema marehemu alikuwa akija mgeni anampisha kitanda chake mwenyewe, kwa hiyo kuwapisha pale juu hakutamwudhi.

Mtambo ule ulichelewa kuelewa. Tuliendelea na robo saa zetu. Kwanza hatukuonekana kabisa, halafu tukaonekana mbali, halafu tukaanza kusogea. Haba na haba hujaza kibaba, mama mdogo alisema, na kwa mara ya kwanza sikumbishia. Msimu wa pamba ukiwa mlangoni, gari lilisimama mbele ya nyumba, akashuka mama mmoja wa kizungu, mkononi ana karatasi yenye ukurasa wetu. Hakuuliza hapa ni kwa nani. Aliuliza kama kuna chumba. Baada yake wakaja wengine, wachache wachache, na mjomba akapeleka magunia yake kwingine huku amenuna.

Jumamosi hatukuacha kwenda. Dada aliandika kwanza maneno ya wazungu, akatuambia tumefika wapi. Kisha mama mdogo akaitazama saa ya ukutani, akaona dakika bado zipo, akasogeza kiti.

"Sasa mwanangu," alisema, "niandikie jina la baba."

Babu akatokea wa kwanza. Hakukuwa na mgeni wala biashara yoyote katika kumtafuta huko. Mama mdogo alilitazama lile jina mpaka dakika zake zikaisha, akalipa, tukarudi Igoma.