Ua Jekundu la Dada Gu

Asiniambie mtu Dada Gu Yuelan alikuwa mjinga. Mjinga ni mimi niliyempigia makofi.

Miaka sita tulifanya kazi pamoja chumba cha nyuma, kiwandani kwetu Changzhou. Oksidi ya grafini hutufikia ikiwa rojo la kahawia. Kazi yetu ni kuiondolea oksijeni, ibaki grafini, kaboni nyembamba kuliko karatasi, nyeusi tii. Njia zipo: tanuru, mwanga mkali, hata vitamini C. Sisi tulitumia haidrazini, kwa kuwa ni rahisi na haichelewi. Sumu ile! Inanuka mkojo wa jana, na barakoa tulipewa moja kwa wiki.

Dada Gu alisaga vidonge vyake mwenyewe vya vitamini C, akakoroga kwenye rojo, akalipasha moto. Likageuka jeusi. Akambebea Bosi Teng kwenye gilasi.

"Bosi, tuachane na ile sumu. Macho yangu yanaanza kuwa ya manjano."

Teng alicheka mpaka akakohoa. "Kwani rojo lina mafua, Dada Gu, hata ulinyweshe vidonge? Rudi kazini bwana!"

Wakaja wakaguzi wa mazingira. Hapo Teng akavikumbuka vidonge. Haidrazini ikafungiwa stoo, magunia ya vitamini yakapangwa mbele, na Dada Gu akabandikwa kifuani ua jekundu la mfanyakazi bora. Cheti kikasomwa kwa sauti: tangu aajiriwe, ametengeneza grafini kwa vitamini C peke yake. Mihuri miwili.

"Unalia nini sasa, bi harusi?" nilimtania.

"Tumepona, ndugu yangu. Sumu imekwisha."

Maskini, aliamini. Kesho yake asubuhi tulikuwa tunamimina haidrazini ile ile. Lakini cheti alikitundika juu ya meza ya chakula, akala uji na figili zake akikitazama.

Ini likamwangusha. Hospitali ikasema atatibiwa kwa gharama ya kiwanda endapo itathibitika kazi ndiyo iliyomdhuru. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Dada Gu hakuficha kitu, akaenda kujieleza kwa afisa wa kazi akiwa ameshikiliwa kwapani. Teng alikuja na picha moja tu, ya siku ile ya ua jekundu.

"Huyu ni wewe?" afisa akauliza.

"Ni mimi."

"Na cheti ni chako?"

"Changu."

"Basi, mama, vitamini C haijawahi kuharibu ini la mtu."

Akanigeukia mimi, shahidi wake. "Ulikuwepo akipewa?"

"Nilikuwepo."

"Ulipinga?"

Teng alikuwa amekaa mkabala nami, anamenya chungwa. Nina watoto wawili.

"Nilipiga makofi," nikasema.

Dada Gu hakunitukana. Laiti angenitukana! Alinitazama kwa yale macho ya manjano, akaomba arudishwe nyumbani. Hakumaliza mwezi.

Sasa pipa lake namimina mimi. Mke wangu ameanza kunivuta dirishani kila asubuhi anikague macho, wala hasemi anachokiona. Juzi Teng aliniita: wakaguzi wanarudi, na safari hii ua jekundu nitavaa mimi.

Nikamwambia, "Ahsante, bosi."