Pipa la Chiriku

Dada yangu anaosha mapipa ya plastiki yaliyobeba siki na sharubati viwandani, ili watu wapate kuwekea maji ya kunywa. Lililobeba dawa haligusi. "Hilo hata ulisugue mpaka kiama, ni sumu tu," humwambia aliyelileta, na geti anamfungia. Mimi ni mdogo wake, namsaidia kazi, na ulimi wangu mnausikia wenyewe: sinyamazi.

Kazi inataka subira. Maji moto na sabuni, magadi, kusuuza mpaka vidole vikunjamane, kisha jua kutwa nzima. Jioni analijaza maji, linalala limefunikwa. Asubuhi tunafunua, tunanusa, tunaonja. Likinuka hata kidogo, tunaanza upya.

Zamani aliyekuwa akisugua chini kabisa ya pipa ni binti yake. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kufunga mdomo. Alikuwa kadogo, anazama humo mzima mzima, nyayo tu zinabaki juu, na anaimba mpaka pipa zima linavuma. Jirani yetu fundi viatu alikuwa akipiga kelele kutoka kibarazani kwake, "Zimeni hiyo redio!" Siku hizi tuna brashi ya mpini mrefu. Haiimbi.

Chiriku yuko ng'ambo, anatunza wazee wa watu, na ameolewa huko huko. Pipa la mwisho alilolisugua kabla ya kuondoka ni la bluu, na dada aliapa kwamba hilo ni la nyumba ya mwanawe, siku atakaporudi. Mteja akilitaka, anajibiwa, "Hilo bado. Linanuka." Linanuka nini? Nimetumbukiza kichwa humo nimechoka, harufu sijaiona. Na kila wiki analiosha tena! Nikamwambia, "Dada, utalitoboa." Akanikata jicho, akaendelea kusugua.

Juzi mke wa fundi viatu kajifungua mapacha, ndoo hazitoshi. Fundi akaja.

"Shemeji, nimelizungukia pipa hilo mpaka nimeota mvi. Bado tu?"

"Bado linanuka."

Jumapili Chiriku akapiga simu. Dada huweka sauti ya juu, halafu anaingiza mkono wenye simu ndani ya pipa la bluu mpaka kwapani, ili sauti ya mwanawe ijae humo.

"Mama, tumeamua kukaa huku moja kwa moja. Tumepata nyumba."

"Ina maji?" dada akauliza. Jamani, swali gani hilo!

"Yapo bombani, mama. Tunakunywa hivyo hivyo."

"Haya, mwanangu. Mungu awape heri."

Simu ikakatika, mkono wake ukabaki mle mle ndani. Moyo uliniuma, maana hata mimi nilikuwa namsubiri mtoto yule.

Asubuhi yake akamwita fundi viatu mwenyewe. Fundi alipolilaza pipa la bluu ili aliviringishe, dada akasema, "Ngoja kwanza." Akalisimamisha, akafunua, akaingiza kichwa mpaka mabegani, akaita, "Chiriku!"

Pipa likamrudishia sauti yake mwenyewe. Akasikiliza mpaka ikaisha. Kisha akalifunika, akajifuta uso kwa pindo la gauni.

"Chukua, shemeji," akasema. "Halinuki."