Mdogo Ndiye Aliyetumwa

Mkubwa ni jalala, husema Waswahili, kila taka humwangukia yeye. Mimi sikubali. Nimezijua nyumba mbili, moja ya Korea na moja ya kwetu Burundi, na kote kuwili taka zilimwangukia mdogo.

Ya Korea ni ya Mzee Noh, niliyemhudumia miaka mitatu katika nyumba ya wazee hapa Ingleburn, kitongoji cha Sydney, Australia. Alikuwa na miaka tisini, fundi viatu mstaafu, mbishi hata kwa uji. Agosti 2021 Sydney ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona na wageni walikuwa marufuku, kwa hiyo hata mwanawe hakuweza kuja. Aliyebaki naye ni mimi, Elvire, na barakoa yangu.

Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, lakini hadithi yake niliielewa vizuri mno. Mwaka 1950 vita vilipofika kijijini kwao, ofisa wa serikali alikuja na mwalimu wa shule. Hawakutisha mtu kwa bunduki. Walileta mafundisho ya Konfusio, mwanahekima wa kale wa China, ambayo kila mtu aliyajua tangu utotoni: mtoto humtii baba, mdogo humtii mkubwa, raia humtii mtawala. Anayekataa vita, wakasema, amemkana baba yake. Basi kila nyumba itoe kijana mmoja. Nani atabisha hapo?

Nyumba yao ilikuwa na wawili, Noh wa miaka kumi na tisa na mdogo wake Sang-u, kumi na saba. Baba yao hakumuuliza mtu. Kifungua mimba haendi, maana ndiye atakayewaandalia mababu chakula cha kumbukumbu. Akifa yeye, ukoo mzima utalala njaa kaburini. Sang-u akampigia baba magoti, paji la uso chini. Akamgeukia kaka yake, akampigia na yeye. Hakurudi.

Kwa kuwa alikufa hana mke wala mtoto, hakupewa hata bakuli kwenye meza ya mababu. Kaka mtu naye asingeweza kumpigia magoti, eti mkubwa hamwinamii mdogo. Miaka sabini na moja! Nilimwambia Mzee wazi kwamba huo ni upuuzi. Akasema sina adabu.

Labda sina. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, wapiganaji wa vita vya kwetu walipokuja kutafuta vijana, baba yangu naye alisema mtoto mtiifu hakatai. Akamtoa Libère, kitinda mimba wetu. Kaka mkubwa akabaki alinde jina la ukoo. Leo analinda bustani yake Penrith, hapa hapa Sydney, na baba anaishi kwake. Libère hatujui hata alikozikwa.

Asubuhi ya siku ya kumbukumbu ya kifo cha Sang-u, nilimkuta Mzee ameketi kitandani. Kwenye meza ya chakula alikuwa ameweka wali, tunda moja la pea na picha ya mdogo wake.

“Elvire,” akasema, “wewe ni mdogo kwake, unaruhusiwa. Mpigie magoti kwa niaba yangu.”

Nilivua glavu nikazitupa.

“Mzee, bado unatuma mtu? Yeye alikwenda badala yako. Leo mimi niiname badala yako. Wewe utakwenda lini?”

Nikatoka, nikawa nakung'uta mashuka ya chumba cha pili kana kwamba yamenikosea.

Baada ya nusu saa kengele yake ililia. Nilikuta miguu yake imeshafika sakafuni.

“Nishike,” akasema.

Kanuni zilitaka watu wawili kumshusha, na mwenzangu Shirleen alikuwa karantini. Nikamshika peke yangu. Goti la kwanza, la pili, mikono, kisha paji la uso kwenye sakafu baridi. Akaiita ile picha kwa neno ambalo kwao mdogo humwitia kaka mkubwa. Alikaa hivyo mpaka mikono yangu ikafa ganzi.

Nilimwinua nikiwa bado na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake peke yake. Zamu ilipokwisha nilikaa garini nikampigia baba simu. Sikumsalimu.

“Baba, Libère utampigia magoti lini?”

Nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu naye, “Chukua wewe, ongea naye.”

“Halo?” akasema kaka yangu mkubwa.

Nikamuuliza na yeye.