Vitanda vya Dirishani

Miaka ya vita, risasi zilipokuwa zikipita juu ya mapaa ya mtaa wa Kasuku, wauguzi wa wodi moja ya uzazi walipigilia mabati madirishani. Walifanya vyema, kwani mabati yale yaliokoa watu. Ila amani iliporudi hakuna aliyeyabandua. Dirisha moja tu la upande wa mto lilikuwa wazi, kwa sababu tufani ilikuwa imeling'oa bati lake.

Rachida, aliyezalisha wanawake humo vita vyote, ndiye aliyeona jambo. Wazazi waliolala kwenye vitanda viwili vya dirishani walisinzia vizuri, wakala, wakaenda kwao mapema. Wale wa gizani walishtuka kila mlango ulipogongwa.

Akamwendea Gédéon, daktari mkuu wa wodi.

"Docta, tutoe ile mabati."

"Mama Rachida, pale dirishani unalalisha wale wenye nguvu. Njo maana wanapona mbio. Uniletee ushahidi."

Maneno hayo yalimchoma. Lakini alipoyafikiri akaona daktari hakukosea: wanaoweza kutembea ndio aliokuwa akiwapeleka kule mwisho, penye dirisha.

Basi akaanza upya. Kila nafasi ilipopatikana dirishani, mzazi aliyeingia alitia mkono ndani ya sufuria akatoa kizibo cha chupa bila kutazama. Cheupe, dirishani; chekundu, ndani. Rachida hakuchagua tena. Katika daftari la shule aliandika siku ambazo kila mmoja alikaa, jinsi alivyolala, na vidonge vya maumivu alivyoomba. Wenzake wakambandika jina la Mama Vizibo. Akaliitikia, akaendelea kuandika.

Mwaka ulipotimia walikuwa wanawake mia moja na wanne, nusu huku, nusu kule. Wa dirishani walikuwa wameruhusiwa mapema kwa siku moja na zaidi, na vidonge walivyoomba vilikuwa vichache sana.

Gédéon alilisoma daftari mara mbili, amesimama. Kisha akamwita fundi, na yeye mwenyewe akashika ngazi bati la kwanza lilipobanduliwa.

"Nilikuambia ulete ushahidi," alisema. "Sasa nitaupeleka kwa wakubwa, na jina lako juu."

Alitimiza ahadi. Tangu hapo Rachida hakubadilisha kitu wodini, iwe pazia au rangi ya ukuta, kabla ya kukijaribu na kukiandika.

Siku hizi amestaafu, magoti yanamsumbua. Mwezi uliopita Sandrine, msanifu anayejenga hospitali mpya, alimwita amwoneshe ramani. Rachida aliitazama kitambo, akaweka kidole.

"Hapa umeweka ukuta. Huyu mama atatazama nini?"

Sandrine akachukua kifutio.

Alipopanda pikipiki kurudi nyumbani, Rachida alimweleza dereva, bila kuulizwa, kwamba madirisha ya jengo lile yamewekwa kufuata daftari lake. Akamweleza tena waliposhuka mtelemko wa soko, maana mara ya kwanza injini ilikuwa na kelele.