Mke Mkubwa Katika Karatasi ya Maombi

Fundi wa mbao tuliyepakana naye mtaani Laini Saba alipofariki, familia iliniomba niwatengenezee karatasi ya maombi, ile yenye majina ya wafiwa ambayo husomwa kwenye ibada ya kumuaga marehemu. Nilikuwa nasomea kompyuta katika chuo kidogo Kawangware, na mtaani kwetu hiyo ilitosha kunifanya mtaalamu.

Mke wake mkubwa aliniketisha kwake akanitajia majina polepole: yeye mwenyewe, watoto wake, kisha mke mdogo na watoto wa huyo, mwisho wajukuu.

"Uandike vile nimesema," aliniambia.

Niliandika vile vile. Lakini chuoni tulikuwa tunafundishwa lugha ya programu ambayo karibu kila kitu ndani yake ni fanksheni, yaani kijisehemu cha programu kinachopokea kitu na kurudisha jibu, nami nilitaka kujionyesha. Nikayaingiza majina kwenye kile tulichokiita ramani, jedwali ambalo kila jina hufungwa na maelezo yake: huyu mjane, huyu mtoto wa tatu. Nikajaribu na majina matatu, yakatoka nilivyoyaweka. Nikaingiza yote, nikachapisha. Sikusoma tena.

Siku ya maombi mhubiri alisoma jina la kwanza, na lilikuwa la mke mdogo, kwa kuwa lilianza na A. Akafuata kitindamimba, kisha mjukuu. Mke mkubwa alikuja karibu na mwisho. Yeye aliikunja karatasi yake mara mbili akaiweka chini ya leso.

Nilimfuata baadaye. "Mama, ni mashine imepanga hivyo," nilisema. Nilitaka kumweleza kwamba ramani ile haikumbuki nani aliingia kwanza, hufuata herufi tu, na kwamba yale majina matatu ya kujaribia yalikuwa yamefuatana kwa herufi kwa bahati.

"Mashine hainijui," alisema. "Wewe unanijua. Mimi ndiye nilikuja na yeye hapa, kabla hata hujazaliwa."



Asubuhi ya kusafirisha mwili kwenda nyumbani kwao kijijini, niliandika majina upya kwa mkono, nikamwomba mhubiri anipe nafasi. Nilisoma nikianza na mke mkubwa. Kulikuwa na upepo, na mke mdogo ndiye aliyesogea akanishikia ncha ya karatasi hadi nikamaliza.

Mke mkubwa aliitikia kwa kichwa, akapanda gari. Tuliendelea kusalimiana miaka mingi, kwa upole kabisa. Lakini hakuniomba tena nimwandikie kitu.