Fingo la Kuchakuro

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu hata nisipousema mimi, Likoni nzima inaujua. Nilitega fingo kwenye mnazi wa mamangu ili kumtisha kuchakuro.

Halikuwa fingo la mganga. Nililitengeneza mwenyewe, nyuma ya jiko, siku ya Jumamosi, kwa chupa nyeusi iliyokuwa ya mafuta ya mbarika, makaa yaliyopondwa, mfupa wa samaki, na kitambaa chekundu nilichokikata kwenye fulana yangu ya kuchezea mpira. Nikalifunga mnazini kwa kamba, juu kidogo ya kichwa changu, kitambaa kikining'inia. Mtu wa kwetu akiona chupa kama ile haulizi. Anajua mnazi umefungwa, na atakayeugusa bila idhini atafura tumbo mpaka aliyefunga aje amfungue.

Sasa utaniuliza, kuchakuro atajuaje maana ya fingo? Swali hilo nimeulizwa na watu wengi, wengine wakiwa wameshika fimbo.

Lakini nami nisikilizwe. Nyumba yetu iko upande wa Timbwani, na uani tuna minazi mitatu, mpapai mmoja, na wanyama ambao hakuna aliyewaalika. Kunguru huiba sabuni. Sabuni, katika siku hizi za vita, ambapo mamangu huikata kwa uzi vipande vyembamba kama halua ya wageni. Kenge huja mchana kweupe kula mayai ya kuku, na ukimfukuza huondoka polepole kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Tumbili aliwahi kuanua kaptura yangu ya skuli kwenye kamba, akaigeuzageuza, akaitupa. Hakuitaka. Hao wote nimewasamehe. Kuchakuro, ambaye skuli tunafundishwa kumwita kindi, sitamsamehe mpaka nife, kwa sababu yeye haibi kwa njaa. Yeye anatudharau.

Angekula nazi ningenyamaza. Hali, huonja. Asubuhi hupanda, huchagua dafu lililo zuri kuliko yote, hulitoboa tundu la kuingia kidole gumba, hunywa mafunda mawili, kisha huliachia lianguke juu ya paa letu la makuti, pu, na kwenda kwa la pili. Akimaliza ukaguzi wake hushuka, huketi juu ya mbuzi ya mamangu ya kukunia nazi, hupangusa uso kwa mikono miwili kama aliyemaliza kutawadha, na kunitazama. Siku moja nilimrushia ndara. Ndara ilinasa kwenye makuti ya mnazi ikabaki huko, na kwa miezi miwili nilikwenda skuli nimevaa ndara moja yangu na moja ya babangu.

Mwaka jana dada yangu alikuwa aolewe. Mchele ulikuwa wa kadi, sukari ya kadi, na babangu alikuwa melini, hatujui bahari gani. Kitu pekee alichokuwa nacho mamangu bila kumpigia mtu magoti ni nazi za ile minazi mitatu. Naye alikuwa amewaambia wakwe kwa kinywa chake kwamba wali wa Ijumaa utapikwa kwa tui zito na hakuna mgeni atakayeondoka na njaa. Basi kila asubuhi alisimama uani, mkono kiunoni, macho juu. Na kila asubuhi, pu, imepungua moja.

"Mwanangu," aliniambia, "hizi zikiisha kabla ya Ijumaa, mimi sina uso wa kuwaonyesha wakwe."

Mwanamume wa nyumba wakati huo nilikuwa mimi. Nikaona ni lazima nifanye jambo, na jambo nililolifanya ndilo lile. Nakiri pia kwamba niliwanong'oneza wenzangu wawili wa skuli kuwa mganga aliyelifunga alivuka na feri ya kwanza, ana jicho moja, na usiku halali. Sikuona haja ya kuwaambia zaidi. Walijiongezea wenyewe.

Jumapili asubuhi nikaketi dirishani kuona adui akikimbia. Kuchakuro alishuka kichwa chini, akanusa chupa, akatia mkono ndani akautoa mfupa, akautafuna wote. Kisha akakata kitambaa chekundu kwa meno na kupanda nacho juu, nadhani kwenda kuwatandikia wanawe. Fulana yangu. Mimi nacheza mpira kifua wazi, watoto wa kuchakuro wanalalia rangi za timu. Baada ya hapo, pu.

Waliotishika ni watu. Bibi jirani, aliyekuwa akikatisha kwetu kila siku kwenda kisimani, akaanza kuzunguka kule mbali. Wavulana waliokuwa wakichuma mapapai yetu kila yakipiga manjano hawakuonekana tena. Mamangu hakujua chochote, kwa kuwa chupa niliifunga upande wa njia, naye akiwa uani haoni ila mgongo wa mnazi.

"Majirani wamepata adabu siku hizi," alisema Jumanne, akimenya papai. "Hili limeivia mtini. Sijawahi."

Nikala kipande changu, nikaomba kingine.

Jumatano nilipotoka skuli nilimkuta mkwezi amekuja kuangua nazi za arusi. Ni mtu mzima, ameikwea minazi ya Likoni tangu sijazaliwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda upande wa njia, akatia kamba miguuni na kutemea viganja. Halafu akainua macho. Akaivua ile kamba polepole, akaikunja.

"Mama," akaita, "mnazi huu umefungwa."

"Umefungwa na nani?" Mamangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hilo ungeniambia wewe. Mimi nina watoto sita."

"Basi kwea hii miwili mingine."

"Mizizi yake inakutana huko chini, mama."

Mamangu akaitazama chupa. Akautazama uzi mwekundu uliobaki kwenye kamba yake. Hakuna nguo ya nyumbani mwetu asiyoijua, maana zote huzifua yeye.

"Wewe."

"Labeka, mama."

"Fulana yako ya mpira iko wapi?"

"Iko. Imepungua kidogo."

Mwiko ulifanya kazi yake, nami nikaeleza yote kutoka mwanzo. Nilidhani ukweli utatusaidia. Mkwezi alisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Umesema ulitia mfupa. Mbona siuoni?"

"Kuchakuro kaula."

"Na kitambaa?"

"Kakichukua."

Akanitazama kwa huruma. "Basi fingo limeshaanza kupokea sadaka."

Wakati huo bibi jirani alikuwa ameshatia kichwa juu ya ua. Yeye ndiye aliyetoa hukumu, na wote wakakubali kwamba ndiyo desturi: aliyefunga afungue kwa mkono wake, anywe dafu la mnazi huohuo mbele ya watu, na watu wangoje. Asubuhi tumbo lake likiwa halikufura, mnazi ni salama. Likifura, nazi hizo hazipikiwi mtu, wala wageni wasikaribishwe.

Nilifungua chupa. Dafu likatafutwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kukwea, nikaokotewa moja lililoanguka asubuhi ile, lina tundu. Mimi, kijana wa standadi ya saba, nikanywa makombo ya kuchakuro mbele ya majirani, kwa tundu alilolitoboa yeye, na mwenyewe yuko juu ya paa la jiko anatazama. Katika maisha yangu sijatukanwa vile.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulieleza. Njiani kutoka skuli nilikuwa nimekula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, na sikula machache.

Haikufika magharibi tumbo likaanza kusema. Nilikwenda chooni, nikarudi, nikaenda tena. Mara ya tano nilimkuta mamangu amesimama njiani. Hakutaja dawa.

"Umekula nini?"

"Maembe."

"Mabichi?"

"Mabichi."

Akafumba macho, akayafumbua. "Kesho simama wima. Pumua kwa juu."

Alhamisi asubuhi walikuja kulitazama tumbo langu kama watu wanaokwenda kununua ng'ombe. Mamangu alikuwa amenifunga kikoi mwenyewe, akakikaza mpaka nikaona nyota. Mkwezi akazunguka mbele na nyuma. Bibi jirani akanibonyeza kwa kidole.

"Gumu."

"Ameshiba," mamangu akasema.

"Ameshiba nini, na jua halijapanda?"

"Jeuri. Hilo ndilo tumbo lake la siku zote, bibi. Wewe humwoni kila siku?"

Mimi nilipumua kwa juu kama nilivyoagizwa. Ningefungua mdomo, mengine yangetoka. Nilikuwa nimemkazia macho kuchakuro, aliyekuwa kwenye mbuzi, tumbo lake jembamba, laini, halina wasiwasi wowote. Huyu ameugusa mnazi uliofungwa, amekula mfupa wa fingo lenyewe, na hakuna hata mmoja aliyembonyeza.

Mwisho mkwezi akasema, "Haya, bismillahi," akatia kamba miguuni. Kitu cha kwanza kilichoshuka kutoka juu ya mnazi kilikuwa ndara yangu. Kisha zikaanza nazi. Nyingine zilikuwa tupu zenye matundu, na kila iliyolia tupu mamangu alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye meno. Lakini nzima zilitosha. Tulikuna mpaka viganja vikawaka, tui likawa zito, na Ijumaa wakwe walikula, wakaongezwa, wakasifu. Bibi jirani alikula kuliko wakwe. Kuchakuro naye alikuja ukokoni, akala wali wa arusi ya dada yangu kwa mikono miwili, bila kadi.

Jumamosi wageni walipokwisha kuondoka, mamangu alikuwa uani akitazama mpapai. Mapapai mawili makubwa yaliyokuwa yakingojwa kuiva hayakuwapo. Tangu Jumatano watu walikuwa wamesikia kwamba chupa imefunguliwa. Akaniita, nikaitika labeka, nikasogea nikiwa nimeweka mikono nyuma pale ambapo mwiko hupenda kufikia. Hakuwa na mwiko. Alitazama njiani kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Ile chupa usiitupe. Kaifunge kwenye mpapai, upande wa njia, na mfupa utie mkubwa."