Kuku wa Uzi na Karafuu Zake

Nimeitwa mengi tangu nihamie Johannesburg, lakini mchawi sikuwahi. Mpaka siku nilipoitwa hivyo mbele ya ukoo mzima wa mchumba wa mwanangu.

Chanzo ni mkoba. Binti huyo mchumba ndiye aliyenionyesha picha kwenye simu: mkoba wa kufumwa wenye umbo la kuku, mweupe, mnene, unafunguka mgongoni unatia pochi na simu, halafu unamtundika begani. Akasema mama yake anapenda kuku kupita kiasi, jikoni kwake Midrand wapo mpaka kwenye kifuniko cha birika. Nami nikajitia: huyo nitamfuma mwenyewe. Kufuma nilifunzwa na marehemu mama huko Pemba, na vitambaa vya makochi nimefuma mpaka nikaviota. Ila kitambaa hulala. Kuku anatakiwa asimame.

Nyuzi nilinunua Joubert Park, kwa mama wa Kikongo anayesuka nywele na kuuza uzi papo hapo.

"Kuku ya uzi?" akacheka. "Mama, si ubapelekee tu kuku ya kukula!"

Chumbani kwangu La Rochelle nikaanzia tumboni, duara dogo, nikazungusha na kuongeza vitanzi mpaka mbavu zikajaa. Mdomo niliufumua mara mbili kwa sababu ulitoka wa bata. Macho nikayafanya kwa uzi mweusi, kilemba kwa mwekundu. Alipokamilika nikamkalisha kitandani, akanitazama kama shangazi aliyenuna, nikacheka peke yangu.

Nilitaka apendwe. Kusema kweli, nilitaka nipendwe mimi. Mwanangu nimemzaa hapa. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na sasa alikuwa anaingia katika ukoo wa Kizulu wenye wajomba na mashangazi wa kujaza uwanja. Upande wake niko peke yangu. Wakinikataa hao, nilijua nitakuwa mgeni hata kwake.

Basi nikafanya kama tufanyavyo kwetu. Pemba sahani ya jirani hairudishwi tupu, hata ndimu utatia. Mkoba nao humpi mtu mtupu, ni kama unamtakia njaa. Nilikuwa na karafuu alizoniletea dada yangu. Nikafuma kijifuko kwa uzi mwekundu uliobaki kwenye kilemba, nikazitia humo, nikakifunga kwa ule mweusi wa macho, fundo juu ya fundo zisimwagike. Nikakisukuma mpaka chini kabisa tumboni mwa kuku.

Ilikuwa siku ya upande wetu kuwavisha wazazi wa binti zawadi, kama ilivyo mila yao. Mablanketi, aproni na vitambaa vya kichwa vilitolewa kimoja kimoja kwa nyimbo na vigelegele. Zamu ya kuku ikafika, nikamkabidhi mama wa binti. Alipiga ukelele wa furaha, akambusu mdomoni, na mimi moyo ukatulia kabisa. Kisha akamfungua mgongo, akatia mkono, akatoa kijifuko chekundu kilichokazwa kwa uzi mweusi.

Nyimbo zilikatika.

"Ngumuthi lo!" akapiga kelele shangazi wa binti, huku anaruka kutoka kitini.

Neno muthi hakuna asiyelijua mji huu. Ni dawa ya mganga, na dawa iliyofichwa ndani ya zawadi haijafichwa kwa heri. Mama wa binti alikiachia kijifuko kikaanguka sakafuni. Watu wakavuta miguu, shangazi akaniita mchawi. Mchawi? Mimi, ambaye mlango wa mganga siujui?

Nikamgeukia mwanangu. "Waambie, baba. Waambie ni desturi yetu."

Alikuwa amesogea nyuma kama wao. Akaniuliza kwa Kiingereza, sauti ya chini:

"Mama, umeweka nini humo ndani?"

Wallahi, la shangazi halikunichoma kama hilo. Nilimtazama mtoto niliyemnyonyesha, nikaona anangoja jibu kwa woga. Desturi hiyo hakuwa akiijua. Kwenye nyumba za kupanga nilikomlea kila mtu hufunga mlango akala chake. Sahani gani angeiona ikirudi na kitu?

Hasira ndiyo iliyoniinamisha nikakiokota. Fundo nikalikata kwa meno, nikamimina karafuu kiganjani, nikatia mdomoni na kutafuna mbele yao. Machozi yalinitoka, na karafuu hazikuwa na kosa.

"Ni za chai," nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. "Za pilau. Kwetu mkoba hautolewi mtupu."

Mama wa binti akakinusa kiganja changu kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Eish," akasema. "Mbona hizi mimi hutia kwenye nyama ya Krismasi!"

Akachukua moja akatafuna. Shangazi naye akachukua, uso ameukunja, halafu wajomba, na kicheko cha aibu kikaanza kuzunguka. Mtu akaanzisha wimbo. Kuku akatundikwa begani kwa mwenyewe.

Mwanangu alikuja mwisho. Mama wa binti, niliyekutana naye mara ya kwanza asubuhi ile ile, alikuwa amenusa karafuu tu, akala. Mwanangu aliishika yake vidoleni, akanitazama usoni kwanza, akanitazama tena, ndipo akaitia mdomoni.